Siku ya Kumi na Mbili

Habari ya kifo cha Bi Mwanaidi ilinikuta Kibiti, nimesimama kwenye mzani, nabishana na mnunuzi mmoja juu ya gunia la mpunga lililolowa ubavuni. Yeye anasema limenyeshewa, mimi nasema ni jasho la mpakiaji. Simu ikaita. Alikuwa Asha, binti yake, sauti imemkauka, akaniambia Mama ametangulia, maziko baada ya adhuhuri. Nikamwachia yule mnunuzi gunia kama alivyotaka yeye. Wanaonijua sokoni wakisikia hivyo watakwambia siku ile Shabani hakuwa mzima.

Nina tabia, wengine wanaiita ugonjwa, ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Sokoni imenisaidia, nyumbani imenikosanisha na wake wawili. Siku ile nilihesabu safu za waliomsalia: nne. Nikahesabu tena: nne. Kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara, safu nne ni heshima. Tuliporudi, wanaume tukakaa kwenye majamvi nje ya chumba alichokuwa amepanga, kahawa ikapita, na kama ilivyo msibani watu wakaanza kukumbushana marehemu alikotokea. Mzee mmoja wa Mahege akasema, "Huyu mama alikuwa na shamba zuri bondeni kule. Likampotea kwa jambo dogo. Walikosea siku za dawa." Aliyekaa karibu yake akaitikia, "Ndiyo, ile mbegu ya mradi. Walikosea hesabu." Wa tatu akatikisa kichwa, akasema hesabu haina huruma, bwana. Mimi nikainamia kikombe. Habari hiyo imezunguka bonde lile miaka ishirini na ushei, imepita kwenye misiba na kwenye harusi, na kila anayeisimulia anaisimulia kama kitu alichokiona kwa macho yake. Niliitunga mimi, asubuhi moja, kwa maneno matatu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, suruali mbili na bomba moja. Nilikotoka na walionizaa tuwaache, hawakuhusika. Kilichohusika ni bomba: lile la kubeba mgongoni, mkono wa kushoto unapampu, mkono wa kulia unanyunyizia dawa ya kuua majani. Bonde zima chini ya Mahege mabomba yalikuwa matatu, na mawili yalikuwa yanavuja. Kwa hiyo nilikuwa mtu mkubwa. Wazee walionizidi umri mara mbili waliniita fundi, nami nikaitika bila haya. Nikifika kwenye shamba la mtu nalipima kwa hatua, narudia kulipima, halafu ndiyo tunapatana: chakula juu yako, maji ya kuchanganyia dawa unateka wewe, siku ya kupiga nachagua mimi. Hilo la mwisho watu walikuwa wakilikubali bila hata kulitazama. Leo, baada ya miaka yote hii ya udalali, najua kwamba katika mapatano yoyote lile linalokubaliwa haraka ndilo lenye mwiba.

Bi Mwanaidi alinipa chumba. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na fito, vyumba viwili na ukumbi, na kile changu kilikuwa zamani cha kuwekea mavuno, kwa hiyo nilikuwa nanuka makapi ya mpunga mwaka mzima, hata nikienda msikitini. Juu ya jiko, kwenye dari ya fito, kulikuwa na mashuke ya mbegu yake, yamefungwa mafungu kwa kamba za mwaa, meusi kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Alipewa mbegu ile na mkwe wake, mama wa mumewe, siku alipoolewa. Mume alikuwa amekufa mwaka wa pili sasa, binti yao Asha ameolewa Ikwiriri, na mama alikuwa peke yake na mashuke yale na ekari mbili za bondeni. Asubuhi alinipa uji wa mchele wenye pilipili manga. Mchana tulikula bada, ugali wa muhogo, na kambale mkavu aliyemchemsha kwa nazi na ukwaju. Alipenda ukwaju mno, akiufyonza huku anasuka ukili, na kokwa zake hakuzitupa; alizihifadhi kwenye kopo la maziwa lisilo na maziwa. Siku ya kwanza nilimuuliza za nini. Akasema, "Kitu kidogo kikiwa kingi kinafaa, mwanangu." Nikazihesabu alipokwenda kisimani. Zilikuwa mia moja na tisa.

Kuta za nyumba zile hazifiki kwenye paa. Mtu akizungumza ukumbini, wa chumbani anasikia kama kaalikwa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja Mzee Salehe, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi ya ukoo. Anakaa, anakohoa, anaulizia afya ya kila kuku, halafu anafika alikotaka kufika.

"Shemeji, shamba lile ni la wazee wetu. Tumekuachia kwa heshima ya ndugu yetu. Maadamu unaliweza, ni lako mpaka uingie kaburini. Siku litakapokushinda, likawa msitu wa magugu, linarudi kwenye ukoo. Sisemi kwa ubaya."

"Najua husemi kwa ubaya, shemeji."

"Nasema tu."

"Nami nasikia tu."

Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeoa mwaka ule, hana shamba. Jambo hilo hakulitaja hata Ijumaa moja, ndiyo maana bonde zima lililijua.

Na shamba lilikuwa linaelekea kumshinda. Adui yake alikuwa mpunga pori. Asiyelima mpunga hawezi kulielewa balaa hili mpaka aelezwe hivi: ni mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba. Ukiwa mchanga, jani lake ni jani la mpunga, rangi yake ni ya mpunga, na ukiingia kupalilia unang'oa mwana wa nyumbani na mwizi bila kujua nani ni nani. Unautambua ukishatoa maua, na hapo umekwishakula mbolea na mwanga. Halafu unatangulia kukomaa na kupukutisha mbegu zake chini kabla hujanoa kisu, ili mwakani zikuamkie shikamoo. Dawa zangu za kawaida hazikuufanya kitu, kwa kuwa dawa inayoua mpunga pori inaua na mpunga.

Ndipo likaja gari la mradi. Wakatukusanya kwenye darasa la shule ya msingi, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Aliyezungumza alikuwa bibi shamba mmoja kijana, mtaratibu, mwenye chaki. Akasema wameleta mbegu ya mpunga isiyokufa kwa dawa fulani. Unapanda, unaacha vyote viote, halafu unapiga dawa shamba zima: mpunga unabaki, majani mengine yanakufa, na mpunga pori nao unakufa. Darasa likacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakiahidiwa barabara ya lami. Hakukasirika. Akachora ubaoni mche wenye majani mawili, mwingine matatu, mwingine matano. "Dawa ina siku zake," akasema. "Hesabuni tangu mpunga unapochomoza. Siku ya kumi mpaka ya kumi na nne, basi. Hapo mpunga pori una majani mawili, matatu. Ukifika matano umeshashika mizizi na kutoa machipukizi ubavuni. Mkipiga hapo mtakuwa mnauogesha."

Mtu wa nyuma akauliza, "Na tukizidisha siku moja, mbili?"

"Mgonjwa ukimpelekea dawa kesho yake baada ya maziko, umechelewa siku ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Akaongeza jambo la mwisho, nalo naliandika hapa kwa kuwa mwaka uliofuata nililiona kwa macho: usiachwe hata mche mmoja wa mpunga pori ukatoa maua humo ndani, maana utachavushana na mbegu hii, na watakaozaliwa nao hawatakufa kwa dawa. Akauliza nani atajaribu. Wanaume wakaangalia dari. Bi Mwanaidi akanyoosha mkono, wa mwisho, kutoka kwenye dawati la nyuma kabisa. Sharti lilikuwa asichanganye na mbegu nyingine shambani, na kwa kuwa dawa ya kutosha ekari mbili iliandamana na mbegu, palihitajika bomba na mtu wa kulibeba. Akanitazama. Nikapatana naye pale pale mlangoni: chakula, maji, na siku nachagua mimi. Akakubali haraka.

Wiki ile aliteremsha mashuke yote kutoka darini. Nusu akawagawia majirani, nusu tukala. Wali wa mbegu ile ulikuwa na harufu ya moshi na kitu kingine nisichokijua jina, na tuliula siku sita, kimya, kama watu wanaomla mgeni wao. Siku ya mwisho akasema, "Sasa sina pa kurudi, Shabani. Mbegu ya mkwe wangu nimeitafuna." Nikamwambia mbegu mpya itatuhamisha wote kutoka kwenye udongo kwenda kwenye bati. Nilikuwa na maneno mengi mwaka ule.

Tulipanda, mvua ikaja kwa wakati, na mpunga ukachomoza Alhamisi. Kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, alitoa kokwa moja ya ukwaju kwenye kopo kubwa akaitia kwenye kopo dogo la kahawa. Mimi nilihesabu kichwani. Jioni, kabla ya kutia mkono kwenye sahani, tulilinganisha.

"Ngapi?" ananiuliza.

"Saba."

"Mie pia saba. Nawa."

Siku ya tisa Mzee Salehe akanikuta njiani, akaniambia mashamba yake yanahitaji dawa ya kawaida, kesho na kesho kutwa, na nikimridhisha atanipa mashamba ya ukoo wote, kumi na moja. Nilipiga hesabu papo hapo. Jioni nikamwambia Bi Mwanaidi kwamba siku ya kumi na ya kumi na moja niko kwa shemeji yake, yake ni ya kumi na mbili, umande ukikauka.

"Kumi na mbili iko ndani?"

"Iko ndani. Baada yake zinabaki mbili za akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya lolote, Mama."

Nilikuwa nimepewa siku tano nikazitumia kama mfanyabiashara anavyotumia bei: kwa nini ukubali mwanzo wakati unaweza kuvuta mpaka karibu na mwisho? Siku ya kumi na moja, alasiri, nikiwa naosha bomba kwenye mfereji wa Mzee Salehe, nikasikia kilio kutoka kwake nyumbani. Mama yake amekufa. Bibi yule yule aliyempa Bi Mwanaidi mbegu.

Tukamzika kesho yake asubuhi, siku ya kumi na mbili. Kule bondeni mtu mzima wa ukoo akifa, siku tatu za matanga hakuna anayeinua jembe, awe ndugu awe jirani. Jembe likilia ardhini watu wanasema linamchimbia marehemu kaburi la pili. Kuamia ndege kunaruhusiwa, kwa sababu ndege hawana msiba. Unakaa juu ya dungu lako, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, unapiga kelele, lakini hushuki kulima. Lakini bomba? Wazee waliotunga mila ile hawakuwahi kuliona bomba. Hilo lilikuwa pengo, na mimi mapengo ndiyo riziki yangu.

Bi Mwanaidi aliniita kwenye mlango wa uani. Ndani wanawake walikuwa wamejaa, wanalia kwa zamu. Yeye alikuwa mkwe wa maiti, amefungwa kanga kichwani, hawezi kuvuka kizingiti mpaka matanga yaishe, wala kusema habari za shamba mbele ya wakwe zake. Alizungumza bila kunitazama, kama anayeagiza chumvi.

"Leo kumi na mbili."

"Kumi na mbili, Mama."

"Nenda kwa wazee ukaniombee. Mie mdomo wangu umefungwa, wewe ni mtu wa nje, wako uko wazi. Waambie ni dawa, si jembe. Waambie ikipita kesho kutwa shamba limekwenda."

Nikaenda. Wazee walikuwa watano, na Mzee Salehe katikati, macho mekundu. Nikakaa kwa adabu, nikatoa pole, nikaeleza kwamba Bi Mwanaidi anaomba ruhusa ya kupigiwa dawa shambani. Neno la kesho kutwa sikulifikia, kwa sababu wazee walilidaka lile la dawa, wakafurahi kupata jambo la kubishania lisilokuwa kifo.

"Jembe linagusa ardhi. Bomba haligusi."

"Haligusi, lakini mtu anatembea nalo. Ni kazi."

"Hata kwenda chooni ni kutembea."

"Bomba linamwaga maji tu. Mvua ikinyesha siku ya matanga nayo tuitoze faini?"

Mmoja, mzee sana, akasema kama ndege wanaamiwa basi na majani yaamiwe, yote ni maadui. Wakakubaliana kwa vichwa. Nilikuwa nimeshinda bila kufungua mdomo. Ndipo Mzee Salehe akaniangalia. Aliuliza taratibu, na mpaka leo sijui kama aliuliza kwa huzuni ya mama yake au kwa ajili ya mtoto wake asiye na shamba. Huenda vyote viwili, mtu ana mifuko mingi.

"Wewe ndiye fundi. Mama yangu nimemlaza chini leo hii. Ikisubiri siku tatu, kuna hasara?"

Kila mtu akanigeukia. Nilijua siku kama ninavyolijua jina langu. Nilijua pia mashamba kumi na moja, na kwamba mwenye nayo ameniuliza swali ambalo jibu lake la adabu ni moja. Nikalihesabu jibu langu. Nikalihesabu tena.

"Siku tatu hazina neno, mzee."

Akanishika bega. Akasema kijana huyu amelelewa.

Nikarudi kwenye mlango wa uani. "Wamesemaje?" akauliza Bi Mwanaidi. Nikamwambia wamesema siku tatu. "Uliwaambia leo ni ya kumi na mbili?" Nikasema niliwaambia. Ndani walikuwa wanagawa wali wa msiba, akanitolea sahani, akaniambia nile kabla haujapoa. Niliula wote. Nakumbuka ulikuwa na nazi nzuri.

Hitima ilisomwa siku ya kumi na nne. Bado duaa haijafungwa mvua ikashuka, nzito, ya kutoka juu, na maji ya mto yakapanda kuipokea. Dawa ile inataka majani yaonekane. Yakiwa chini ya maji unampigia samaki. Kumi na tano, maji. Kumi na sita, maji. Kumi na saba yakaanza kupungua. Siku hizo jioni tuliendelea kulinganisha, ila hakusema tena "nawa." Alitaja namba yake, nami yangu, zikafanana, tukala.

Siku ya kumi na nane tulishuka shambani. Kabla sijachanganya dawa alichuchumaa kwenye mstari wa kwanza, akashika mche mmoja, akapitisha kidole kwenye majani yake, moja moja, midomo inatikisika. Matano. Akashika mwingine. Mimi nilijifanya nakaza mkanda wa bomba. Akauliza, bado amechuchumaa, "Yatakufa haya, mwanangu?"

"Yatakufa."

Akainuka, akajitwisha ndoo, akaenda kuniletea maji kama tulivyopatana. Ndoo kumi na mbili alileta siku ile, kutoka kwenye mfereji uliokuwa mbali, na hakumwaga hata tone.

Wiki moja baadaye shamba liligeuka manjano. Watu walipita kuangalia, wengine wakampa hongera. Majani madogo madogo yalikufa kweli. Lakini mpunga pori ulikaa na manjano yake kama mtu mwenye homa, siku kumi, kumi na moja, kisha katikati ya kila shina ukatoka ulimi wa kijani. Mwezi wa pili ukatoa maua, mrefu kuupita mpunga wetu, wenye ndevu nyekundu. Nilikuwa nimelala kwenye dungu mchana, namsaidia kuamia ndege, nikatazama chini nikaona shamba zima jekundu. Ndege hawakuja kwa wingi mwaka ule. Nadhani nao walihesabu.

Ekari mbili zilitoa gunia mbili na nusu, na hilo nusu lilikuwa na makapi. Asha alikuja kutoka Ikwiriri kusaidia kuvuna, akamaliza kazi ya wiki kwa siku moja na nusu, akakaa juu ya mwamba wa kupigia mpunga akimwangalia mama yake anavyopeta. Nilisikia tu ungo.

Ukoo ukaita kikao, barazani kwa Mzee Salehe. Bi Mwanaidi alikaa chini karibu na mlango, mikono ndani ya kanga. Mzee Salehe alizungumza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema walimwachia shemeji yao shamba kwa heshima, na sasa limekuwa kitalu cha magugu kwa bonde zima, mbegu zake zitaelea kwa wengine. Halafu akanigeukia. "Fundi, ulikuwepo. Nini kimetokea?"

Wale wazee watano wa siku ya matanga wote walikuwepo. Ningesema kweli, ningekuwa namwambia Mzee Salehe mbele ya watu kwamba shamba lilikufa kwa heshima ya mama yake, na kwamba mimi niliijua siku nikaiuza. Mashamba kumi na moja nilikwisha kuyapiga, na msimu uliofuata nilikwisha kuahidiwa.

"Tulikosea hesabu, mzee."

"Nani alikuwa anahesabu?"

"Mama alikuwa anatia kokwa za ukwaju kwenye kopo."

Mzee yule mzee sana, ambaye alikuwa upande wetu siku ile, akacheka bila ubaya. "Kokwa? Labda panya alikula mbili." Barazani wakacheka wote, kicheko kidogo cha watu waliopata njia ya kutoka. Kicheko kile ndicho kilichotoa hukumu. Nilipomtazama Bi Mwanaidi aliweka sawa kanga yake, na ndani yake nikasikia kokwa zikigongana kwenye bati. Alikuwa amekuja nazo. Kopo la kahawa lilikuwa mapajani mwake, kokwa kumi na nane, hesabu safi kuliko ya mtu yeyote aliyekuwa pale. Nikasubiri alitoe. Mzee Salehe akamuuliza kama ana neno. Akasema, "Fundi amesema. Basi." Akainuka.

Shamba lilikwenda kwa yule kijana aliyeoa. Msimu uliofuata aliniita nilipigie dawa ile ile, iliyobaki ghalani kwa mradi, naye akapanda mbegu ile ile, na safari hii siku ya kumi na moja, majani mawili matupu. Majani mengine yalikufa. Mpunga pori mwingi ulibaki umesimama, kijani, kana kwamba nimeunywesha maziwa. Wameoana, nikasema moyoni. Yule kijana akaniuliza, "Fundi, tumekosea hesabu?" Niliuza bomba mwezi ule.

Bi Mwanaidi alihamia Kibiti, akapanga chumba, akawa anauza vitumbua barabarani. Mimi nami nikahamia Kibiti, nikawa dalali, na kila asubuhi kwa miaka yote ile nilipita kwake kununua vitumbua viwili. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Anavifunga kwenye karatasi, ananipa, na kila siku ananiambia neno moja: "Hesabu." Nahesabu, viwili. Tunacheka. Nilidhani ni utani wake kwa mtu mwenye tabia yangu. Wateja wengine hakuwaambia hivyo. Nililiona hilo, nikajisifu kwamba nina nafasi yangu kwake.

Siku ya maziko, wanaume walipoanza kuondoka, Asha alitoka uani akaja nilipo, amejifunga kanga kichwani kama mama yake alivyojifunga siku ile. Alishika sahani ya wali. Akakaa kidogo upande wa jamvi. Aliwasikia wale wazee wa Mahege, akasema, maana kuta za Kibiti nazo hazifiki juu.

"Usiwatie moyoni, kaka Shabani. Mama hakuwahi kukubali neno lile."

"Neno gani?"

"Kwamba mlikosea hesabu. Mtu akilisema mbele yake anakataa. Alikuwa akisema, Shabani hakukosea hata siku moja. Tulikuwa tukilinganisha kila jioni." Akanisogezea sahani. "Alikuwa anakusifu sana. Kula kabla haujapoa."

Alisema kwa wema. Hakujua alichokuwa ameshika. Nikatia mkono kwenye wali, nikala, na nazi yake ilikuwa nzuri.

Nilimwambia kwamba nitakaa matanga yote, mzani hauna neno. Nilikaa siku tatu kamili, nikilala kwenye jamvi, nikitumwa maji na kuni. Nilizihesabu mara moja tu.